Ukiitwa Kuzamia Meli ya Kale: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mzamiaji wa starehe anayepokelewa kwenye msafara wa akiolojia ya chini ya maji hapokelewi kwa ajili ya ujasiri wake. Anapokelewa kwa sababu wanaakiolojia wanaoweza kuzamia ni wachache, dakika za kukaa chini zinahesabika, na kazi ya kupima na kuchora mabaki ya meli inataka mikono mingi iliyotulia. Mchango wa watu hawa umekuwa mkubwa. Santo António de Tanná, frigeti ya Wareno iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681, ilikuja kuiokoa Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman, ikazama mbele ya ngome hiyohiyo Oktoba 1697. Walioigundua ni watu waliokuwa wakizamia kwa kupenda kwao. Ndipo kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya ubaharia kutoka Marekani wakaichimbua, kazi ikiongozwa na Robin Piercy. Huko Uingereza, manowari Mary Rose iliyozama mwaka 1545 ilianza kutafutwa mwaka 1965 na Alexander McKee pamoja na klabu ya wazamiaji ya Southsea. Hadi kiunzi chake kinainuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, watu wa kujitolea wapatao 500 walikuwa wamezamia pale, na mbizi zote zilikaribia 28,000.

Watu hao hao wanaoweza kuifaa meli ya kale ndio wanaoweza kuiharibu kwa asubuhi moja. Kwa hiyo yanayofuata hapa ni masharti. Asiyeyaweza azamie kwenye matumbawe, na huko pia asiguse kitu.

Dai kuona kibali kabla ya kulipa hata shilingi moja. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakitambua kama kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakuna ruhusa ya kukitafuta kwa kuchimba bila leseni ya serikali. Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale ya 1964, nayo inaweka mpaka wake kwenye mwaka 1863 kwa vitu vilivyofanywa na mikono ya watu. Zanzibar ina sheria yake. Soma kibali chenyewe, usiridhike kusimuliwa. Kiseme ni eneo gani, msimamizi ni nani, vitakavyopatikana vitahifadhiwa wapi na gharama ya kuvihifadhi italipwa na nani. Swali hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho wababaishaji, maana kuhifadhi ni ghali kuliko kuchimba.

Usijiunge na yeyote anayezungumzia mgao. Akikwambia wazamiaji watapata sehemu ya vitakavyopatikana, au kwamba vitu "vya kujirudia" vitauzwa ili kugharimia safari, huyo ni mfanyabiashara, hata avae fulana yenye neno utafiti kifuani. Jirani zetu wa Msumbiji walipitia haya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali yao iliruhusu kampuni ya kibiashara kuzamia meli za kale, na vyombo vya kaure vya China, vya enzi ya Ming, vilivyotolewa karibu na Kisiwa cha Msumbiji, vikapigwa mnada Amsterdam mwaka 2004. Shehena iliyokaa pamoja kwa zaidi ya miaka 400 ikatawanyika kwenye kabati za watu binafsi, na sasa hakuna mtafiti anayeweza kuikusanya tena akaisoma. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, unaolinda mabaki yaliyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi, unakataa biashara hiyo waziwazi. Wewe nawe ikatae.

Usije kama bado unapambana na maji. Cheti cha kuzamia ulichopata baada ya siku chache hotelini hakitoshi. Uwe na uwezo wa kukaa sentimita 50 juu ya mchanga, kichwa chini na miguu juu, ubao wa kuandikia mkono mmoja na tepu mkono wa pili, bila kupanda, bila kushuka, bila kupepesa mikono. Uweze kufanya hivyo katika mkondo na katika maji ya tope. Bandari ya Mombasa si Mnemba, kisiwa cha kuzamia cha Zanzibar: kuna mchanga laini, kuna meli zinazopita, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, kwa hiyo mkondo wa mlango wa bandari huvuta kwa nguvu. Teke moja la mapezi hapo huinua wingu la vumbi ambalo halitui hadi dakika zako na za wenzako wawili zimekwisha. Na pezi likigusa ubao wa karne ya 17, ambao kwa ndani umelainika kwa kunywa maji, linaacha mkwaruzo wa kudumu. Jifunze kupiga mapezi kama chura, polepole, kwa magoti yaliyokunjwa. Ukishindwa, omba kazi ya juu ya mashua. Ipo, na ina heshima.

Jifunze kupima kabla ya kujifunza kupiga picha. Kila mtu anataka kamera. Msafara unamtaka anayejua tepu. Kazi yenyewe ni hivi: alama za kudumu hupigiliwa chini kuzunguka eneo, kila moja na namba yake. Ukipewa, tuseme, taruma moja la meli, unapima umbali wake kutoka alama zisizopungua tatu, unasoma kina, unaandika kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki. Kisha unapima urefu, upana na unene. Kisha unachora, pamoja na tundu za misumari, mahali zilipo kwa milimita. Tundu hizo zikipimwa sawasawa ndizo zitakazomwambia mtaalamu wa uundaji wa meli kama mafundi walitumia msumari wa chuma au kigingi cha mti, na kama ubao uliwahi kutolewa ukarudishwa. Tepu ikilegea kwa sababu ya mkondo, andika kwamba ililegea. Kipimo chenye shaka kilichoandikwa kuwa kina shaka kinafaa. Cha kubuni kinachafua mchoro mzima.

Andika unachokiona, wala usiandike unachokidhani. "Kigae, mviringo, upana sm 11, kingo mbili zimevunjika" ni taarifa. "Sahani ya nahodha" ni hadithi. Na uwe mwangalifu hasa na rangi. Nyekundu hupotea mita chache tu chini ya uso wa bahari, na kufikia mita 15 kigae chekundu huonekana cha kijivu au kahawia. Usitaje rangi ya kitu kabla hujakimulika kwa tochi, na picha iwe na kipimio cha rangi na cha urefu pembeni.

Usichukue kitu. Hata kipande cha chupa, hata msumari uliooza. Hili ndilo sharti lililo juu ya yote, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi hulikubali kwa mdomo tu.

Desemba 1794 meli ya Wareno São José Paquete de África iligonga mwamba karibu na Cape Town. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji na watu zaidi ya 500 waliofungwa, ikielekea Maranhão, Brazil, kuwauza. Zaidi ya 200 walikufa maji. Katika miaka ya 1980 wasaka hazina waliyafikia mabaki yake wakadhani ni meli ya Waholanzi ya zamani zaidi. Hawakuona dhahabu ya maana. Walioitambua baadaye, Jaco Boshoff wa makumbusho ya Iziko na wenzake katika mradi wa kimataifa wa kutafuta meli za watumwa, waliunganisha mambo ambayo msaka hazina hayatazami: misumari na mabati ya shaba yasiyolingana na umri wa meli ya Waholanzi, maelezo ya nahodha kwenye nyaraka, na vipande vizito vya chuma vilivyolala mchangani.

Vipande hivyo ni farumi. Nyaraka zinaonyesha meli hiyo iliondoka Lisbon mwaka 1794 na pau nyingi za chuma za kuwekea uzito tumboni. Meli ya bidhaa hutulia kwa uzito wa bidhaa zenyewe. Meli iliyokusudiwa kubeba watu ilihitaji chuma, kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko shehena na haitulii mahali pamoja. Pau moja ya chuma, mbaya kwa macho, isiyo na bei sokoni, ndiyo iliyobeba ushahidi wa biashara ile kuliko sarafu yoyote. Sasa fikiri mzamiaji wa likizo angalipita hapo kabla yao akaona kipande kimoja kinafaa kuzuia mlango nyumbani kwake.

Kitu kilicho mahali pake kinasema kilikuwa upande wa omo au wa tezi, juu ya nini, chini ya nini, pamoja na nani. Kukinyanyua kabla hakijapimwa ni sawa na kumtoa shahidi mahakamani kabla hajahojiwa. Ukikuta mwenzako amekiweka kitu mfukoni mwa jaketi lake la kuelea, mwambie akirudishe pale pale mkiwa bado chini, kisha mpashe habari kiongozi. Usimfichie kwa sababu mlikula pamoja jana.

Usifukue mchanga ili "kuona vizuri". Mchanga unaoulaani ndio ulioihifadhi meli. Chini yake hakuna hewa, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaishi pasipo hewa. Mbao zilizofunikwa zimedumu karne tatu. Zikiachwa wazi hutobolewa hadi zikabaki sifongo, na mawimbi hufanya yaliyosalia. Ndiyo maana kanuni za mkataba wa UNESCO zinataka kuacha mabaki pale pale yalipo kufikiriwe kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Ndiyo maana pia kiunzi cha Santo António de Tanná hakikupandishwa juu: vitu vilitolewa kwa maelfu, mbao zikapimwa na kuchorwa, na kiunzi kikabaki baharini. Bomba la kufyonzea mchanga lishikwe na aliyekabidhiwa peke yake, ndani ya mraba aliopangiwa. Siku ikiisha, kilichofunuliwa kifunikwe.

Usitie nanga juu ya mabaki. Mashua ifungwe kwenye boya lililowekwa mbali kidogo. Nahodha akisema nanga itashika vizuri zaidi palepale, jibu ni hapana.

Waheshimu wafu. Ukiona mfupa, simama. Usiuguse, usiupige picha kwa simu yako, usiite wenzako waje kutazama. Weka alama pembeni, panda, mwambie msimamizi kwa sauti ya chini. Meli nyingi za kale ni makaburi, na yapo makaburi ambayo jamaa zake wapo hai. Juni 2015, utambulisho wa São José ulipotangazwa, udongo ulichukuliwa kutoka kwa Wamakua wa pwani ya Msumbiji, watu ambao jamaa zao walichukuliwa, ukapelekwa Cape Town. Wazamiaji watatu, mmoja wa Msumbiji, mmoja wa Afrika Kusini na mmoja wa Marekani, wakaingia kwenye maji ya baridi yenye mawimbi makali, wakaumwaga karibu na pale meli ilipovunjika. Huyo wa Marekani alitoka Diving With a Purpose, kundi la wazamiaji wa kawaida, wengi wao Wamarekani weusi, waliojifunza akiolojia kwa ajili ya kazi ya namna hii. Hicho ndicho kimo anachoweza kufikia mzamiaji wa kujitolea. Anayepiga picha ya kucheka akiwa amekaa juu ya mzinga hajakifikia, na arudishwe nyumbani.

Mtii msimamizi wa mbizi bila mjadala. Mwanaakiolojia mkuu ndiye mwenye neno juu ya meli. Juu ya hewa, kina na muda, mwenye neno ni msimamizi wa mbizi, hata mwanaakiolojia mwenyewe humtii. Kwenye meli ya Uluburun, pwani ya Uturuki, iliyolala kati ya mita 44 na 61, kazi ilichukua miaka 11 na mbizi zaidi ya 22,000, na kila mtu alipewa kama dakika 20 kwa mbizi moja, mara mbili kwa siku. Dakika zikiisha unaacha ulichoshika, hata kama umebakiza kipimo kimoja. Kipimo kitapatikana kesho.

Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, usimame mita 5 kwa dakika 3 au zaidi kama ulivyoagizwa. Nitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu inahitaji muda wa kutoka. Ukiiharakisha inafanya mapovu, na povu likikaa kwenye uti wa mgongo huenda usitembee tena. Kwa hiyo usifiche dalili. Maumivu ya bega, ganzi vidoleni, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida: sema papo hapo, usijitibu kwa panadoli na kulala. Kabla ya siku ya kwanza uliza chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi, kama kinafanya kazi, na nani atakufikisha huko usiku. Msafara usioweza kujibu hilo hauko tayari, hata ukiwa na vibali vyote. Na usipange ndege ya jioni ya siku ya mwisho. Baada ya mbizi za siku nyingi zipite saa 18 kwa uchache. Mimi ningesema 24.

Kilichotoka majini kibaki majini. Wakati mwingine uamuzi halali hutolewa kwamba kitu fulani kipandishwe. Hapo hatari inaanza upya. Chuma kilichokaa baharini kimelewa chumvi. Kikianikwa juani sitahani kinaanza kupasuka na kumeguka kwa tabaka, na mzinga unaoonekana mzima leo utakuwa mabamba na vumbi la kutu baada ya muda si mrefu. Ubao uliolowa nao unashikiliwa umbo na maji yaliyomo ndani yake. Maji yakikauka, chembe zake hujikunja, ubao hunywea na kupinda, na hakuna fundi atakayeunyosha. Andaa ndoo na mabeseni yenye maji ya bahari kabla ya kuzamia. Kila kitu kiwe na kibandiko cha plastiki chenye namba, kilichoandikwa kabla hakijaondoka chini. Usikisugue kwa brashi ya meno ili kuona maandishi, wala usipige ganda la kutu na nyundo kuangalia kilichomo.

Ili ujue uzito wa jambo hili: mbao za Mary Rose zilinyunyiziwa polithilini glikoli, aina ya nta inayoyeyuka majini, kuanzia 1994 hadi 2013, na kabla ya hapo zilinyunyiziwa maji baridi kwa miaka. Huo ndio mzigo unaowabebesha watu wa makumbusho kila unaposhabikia kitu kipandishwe.

Andika ripoti jioni ileile. Kabla ya chakula, kabla ya soga. Kesho utachanganya taruma la tatu na la nne.

Usimdharau mvuvi. Meli ya Uluburun haikupatikana kwa mitambo. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo, Mehmet Çakır, alisimulia kwamba ameona chini biskuti za chuma zenye masikio. Waliosikiliza walitambua mara moja kuwa ni mikuo ya shaba ya Zama za Shaba Nyeusi. Pwani yetu wazee wa uvuvi wanajua kila mahali nyavu zinaponasa, na wanajua jina la mahali hapo na sababu yake. Nenda kwao mapema. Mwamkie mzee, kaa, sikiliza, usimkatize ukitoa ramani. Mlipe kwa siku yake kama unavyomlipa mtaalamu, jina lake liandikwe kwenye ripoti kama ataridhia, na matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili. Watu walioelezwa kuna nini chini ya maji yao watailinda sehemu hiyo miaka yote ambayo wewe hupo.

Usiweke mahali penyewe mtandaoni. Picha ya simu hubeba majira ya mahali ilipopigwa. Zima hiyo kabla hujapanda mashuani. Usipige picha inayoonyesha mnara, minazi na jengo la hoteli kwa mstari mmoja, maana baharia yeyote atasoma hapo ulipokuwa. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna mabaki ya meli ya Wareno yaliyokutwa na pembe za ndovu na mikuo ya shaba, na watafiti wanasema huenda ni São Jorge iliyopotea mwaka 1524. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe unatafuta kupendwa na wafuasi wako, wao wanatafuta kilo. Subiri makumbusho yatangaze, ndipo nawe useme.

Ukiigundua meli wewe mwenyewe, usiguse na usinyamaze. Shusha boya dogo kwa muda wa kuchukua majira tu, kisha liondoe, lisibaki kuwa ishara kwa wengine. Andika kina, saa, hali ya maji, ulichokiona na upande kilipoelekea. Piga picha tatu nne kutoka juu, bila kusogeza mwani wala mchanga. Usirudi kesho yake na marafiki. Ukiwa Kenya, nenda Fort Jesus ukaonane na watu wa Makumbusho ya Kitaifa. Wanao wanaakiolojia wanaozamia. Tanzania Bara, nenda kwa wanaosimamia malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Unguja na Pemba, nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Peleka taarifa kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi yako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili bila jibu, rudi ukaulize.